Papa Aliyekataa Kumwamkia Mfalme wa Mijusi

Paukwa!

*Pakawa!*

Bahari?

*Haina mlango!*

Papa?

*Hana mfupa!*

Msimulizi?

*Hana uwongo!*

Hapo mwisho mmeitikia kwa sauti ndogo. Rudieni. Msimulizi?

*Hana uwongo!*

Ahaa. Sasa twende.

Hapo zamani za kale. Na nikisema zamani, msidhani nasema zamani za bibi yenu. Bibi yenu alizaliwa juzi. Nasema zamani ya zamani, kabla ya tembo, kabla ya nyani, kabla ya mtu wa kwanza kumsema jirani yake. Siku hizo huku kusini, bara ya Lindi, kulikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Mtaniuliza, hori gani, mbona pale watu wanalima ufuta? Nami nitawajibu: bahari siku hizo ilikuwa inatembea. Leo ipo hapa, kesho ipo kule, kama kuku asiye na banda.

Ndani ya hori lile aliishi papa jike, jina lake Msasa. Aliitwa Msasa kwa sababu ya ngozi yake. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, laini. Ukimpapasa kutoka mkiani kwenda kichwani, unaacha ngozi yako pale. Hakuwa mkubwa. Alikuwa wa kadiri tu, mapezi safi, macho makavu, na mdomo ambao haukupenda maneno mengi.

Msasa alikuwa na watoto. Wadogo, wembamba, kila mmoja kama ulimi wa ng'ombe. Walikaa kwenye maji mafupi ya hori, na hapo ndipo palipokuwa salama yao. Mlango wa hori ulikuwa mwembamba. Nje ya mlango walizunguka mijusi wa majini, wenye midomo mirefu kama mitumbwi, wakingoja kitoto cha papa kitoke. Kikitoka, wanakimeza bila hata kutafuna.

Basi hori lile ndilo lililokuwa uhai wa watoto wa Msasa. Shikeni hapo.

Sasa huko nchi kavu walitawala mijusi. Msinitajie mjusi wa ukutani! Hawa walikuwa mijusi majitu. Mfalme wao aliitwa Kishindo bin Mtikiso bin Mtetemo. Shingo yake ilikuwa ndefu mno, akimeza jani asubuhi linafika tumboni wakati wa chakula cha mchana. Akikanyaga, kaa waliruka kutoka mashimoni mwao kama bisi kwenye kikaango.

Mfalme alikuwa na mpiga mbiu wake, Kinyoya. Huyu alikuwa mjusi mdogo wa mwili, mtu mzima wa miaka, aliyeota manyoya badala ya magamba. Wenzake walimcheka. "Kinyoya, ulilalia mto gani ukakupasukia?" Yeye alicheka nao, kisha akapiga mbiu, maana ndiyo kazi yake.

Na mnajua, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siku moja ikalia horini.

"Enyi wa majini! Mfalme Kishindo anataka hori hili liwe bwawa lake la kuogea! Mfalme Kishindo amesema, kila aliye humu aje amwamkie!"

Ngojeni niwaeleze kwa nini Msasa alishtuka. Siku hizo, kama leo, mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Mdogo husema shikamoo, mkubwa huitika marahaba. Lakini pale horini salamu ilikuwa na uzito zaidi. Ukimwamkia mtu, umekiri kwamba yeye alitangulia kufika. Na aliyetangulia kufika ndiye mwenye mahali. Akisema kaa, unakaa. Akisema hama, unahama, wewe na wanao.

Wakaja samaki, wakamwamkia mfalme. "Shikamoo." "Marahaba. Hameni." Wakaja kaa, wakamwamkia. "Shikamoo." "Marahaba. Hameni." Pweza naye akatoka mwambani, akainamisha kichwa, akabadilika rangi mara saba kwa woga.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Na wewe hama. Nani amebaki?"

Amebaki Msasa. Akatoa pua nje ya maji, akatazama juu, akatazama tena juu zaidi, mpaka akakiona kichwa cha mfalme.

"Hujambo, mjukuu wangu?" akasema.

Lo! Kinyoya aliiangusha baragumu yake.

"Umeniitaje?" Kishindo akauliza.

"Mjukuu. Nimekosea? Labda kitukuu."

"Wewe kisamaki! Usiye na miguu! Usiye na shingo! Mimi nikukute wewe hapa, uniite mjukuu?"

"Umesema mwenyewe, baba. Umenikuta hapa."

Pweza akamvuta pezi, akamnong'oneza. "Shoga, neno shikamoo halina mwiba. Litamke tu, kisha ukaishi."

"Nikalitamke, halafu wanangu nikawaweke wapi?" Msasa akajibu. "Kwenye mdomo wa yule wa nje?"

Pweza akaliachia pezi. Akaingia jiweni.

Hapo Msasa akaimba wimbo aliofundishwa na bibi yake, na bibi yake alifundishwa na bibi yake. Nanyi mniitikie, msikae kama magunia.

*Bahari ilipoganda, nilikuwapo,*
*Bahari ilipochemka, nilikuwapo,*
*Ulipokuja, nilikuwapo,*
*Utakapoondoka,*

*nitakuwapo!*

Kishindo aliukasirikia wimbo ule mpaka shingo ikatetemeka kama kamba ya ndoo. Lakini mfalme hawezi kumkanyaga aliye majini mbele ya umati, wakasema amemwogopa. Akataka amshinde kwa haki. Akasema, "Basi tuamue nani mkubwa. Hakimu nitakuwa mimi."

Mnalijua lile la kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere? Hapa ilikuwa mbaya zaidi. Hapa nyani aliisikiliza mwenyewe.

Siku ya kwanza mfalme akasema, "Tupime kimo."

Akasimama ukingoni jua likichomoza. Kivuli chake kilivuka hori, kikapanda ng'ambo, kikaenda zake porini. Kivuli cha Msasa kilikuwa kama cha jani la muhogo. Mijusi wakapiga mikia chini, gubu! gubu! gubu! "Mfalme ameshinda! Papa, amkia!"

Msasa akasema, "Kwa kimo umenishinda. Hongera. Lakini hebu niambie, mwenzangu. Moshi ni mrefu kuliko wewe. Uliwahi kuuamkia moshi?"

Mjusi mmoja nyuma kule akacheka. Akajifanya anakohoa. Mfalme akageuza shingo kumtafuta, na kwa vile shingo ilikuwa ndefu, ilipofika kule yule alikwisha kukimbia.

"Hatukubishana urefu," Msasa akasema. "Tumebishana nani alitangulia."

Siku ya pili mfalme akasema, "Vema. Mwenye umri ana shahidi. Mimi ninaye. Wewe huna."

Akampeleka Msasa, yeye kwa nchi kavu na mwenzake kwa majini, mpaka penye mti mmoja wa ukingoni. Mti huyo alikuwa mkongwe kuliko wote, tena kiziwi kidogo na mbishi sana. Kila mjusi aliyezaliwa alimkuta pale. Kishindo akainamisha shingo yake yote, kwa heshima, umati ukitazama.

"Mzee Mti, shikamoo!"

"Eee?"

"SHIKAMOO!"

"Marahaba, usinipigie kelele. Unasemaje, mwanangu?"

"Waambie hawa. Ulikuwapo babu yangu Mtetemo alipozaliwa?"

"Nilikuwapo. Alinila matawi. Hakuwa na adabu."

Mijusi wakapiga mikia, gubu! gubu! gubu! Mfalme akatabasamu. Tabasamu lilichukua muda kupita pande zote za uso ule.

"Basi waambie na hili. Huyu kisamaki hapa chini alikuwapo?"

Mti akauliza, "Nani? Yuko wapi? Mizizi yangu haioni vizuri. Hebu pita karibu, nikuguse."

Msasa akapita karibu na mizizi iliyoning'inia majini. Ngozi yake ikaikwaruza, kwaruu.

Mti akatikisika kuanzia mizizi hadi kileleni. Majani yakamwagika.

"Ala! Ngozi hii! Ngozi hii ndiyo iliyonipita siku mbegu yangu ya kwanza inaangukia matopeni! Wakati huo nchi kavu hakuna kitu, ni mawe na kuvu, hata kivuli hakuna. Na papa walikuwa wanapita hapa na wajukuu!" Mti yule mkongwe, ambaye hakuwahi kumwinamia mtu, akainama mpaka tawi likaloa. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu," akasema Msasa. "Hujambo? Umekua."

Sasa hesabu ya salamu mnaijua, hata aliyeishia darasa la pili anaijua. Mfalme amemwamkia Mti. Mti amemwamkia Papa. Mfalme ni nani kwa Papa? Semeni.

*Mjukuu!*

Na umati wa mijusi nao ulijua. Hakuna aliyepiga mkia. Kinyoya alisimama na baragumu mdomoni, hajui apulize nini.

Kishindo akaunguruma, "Mti ni kiziwi! Na shahidi kiziwi si shahidi!"

"Mbona ya babu yako aliyasikia?" Msasa akauliza.

Siku ya tatu mfalme akaja na neno ambalo lilimbana Msasa kwelikweli. Akasema, "Ukoo hauthibitishwi kwa maneno. Ukoo ni makaburi. Njoo uone mifupa ya baba yangu, na ya babu yangu, na ya baba wa babu yangu. Sasa nionyeshe kaburi la babu yako. Nionyeshe mfupa. Mmoja tu."

Msasa akazunguka mara moja, akarudi pale pale.

Shikeni masikio yenu. Kila mtu ashike sikio lake. Likunjeni. Limekunjika? Liachieni. Limerudi? Basi ndani ya papa kuko hivyo, kila mahali. Ni gegedu tupu. Papa hana mfupa hata wa dawa. Akifa, bahari inammaliza, halibaki hata la kukanyaga.

"Asiye na kaburi hana babu," Kishindo akasema. "Asiye na babu ni mgeni. Mgeni huamkia. Kesho nataka nisikie shikamoo yako, au nataka mfupa."

Msasa akarudi kwa wanawe. Pweza akatoa jicho moja jiweni. "Shoga, leo umekwisha."

Msasa akajilaza kando ya wanawe. Alikuwa anawatazama watoto wake wakigombania samaki. Mmoja akauma vibaya, jino likang'oka, likazama polepole, likalala mchangani. Yule mtoto hata hakulia. Nyuma ya lile jino kulikuwa na jingine, na nyuma yake jingine, zimepanga foleni. Papa hung'oka jino asubuhi, akaota jingine, na lile la zamani linabaki chini. Yeye hivyo, na mama yake hivyo, na bibi yake hivyo, tangu bahari ikiitwa jina jingine.

Msasa akacheka. Mkicheka na papa angalieni meno.

Kesho yake akamwambia mfalme, "Mjukuu wangu, mimi macho yangu hayaoni vizuri nchi kavu. Hayo makaburi ya kwenu, ni marefu kwenda chini?"

"Marefu sana!"

"Nasikia ni mawili matatu tu."

"Nani amesema?" Kishindo akafura. "Kinyoya! Waite wachimbaji! Wachimbe hapa hapa ukingoni, papa aone kwa macho yake ukoo wa Kishindo unaanzia wapi! Wachimbe mpaka mwisho!"

Wakachimba. Wakamkuta Mtikiso, mifupa yake kama magogo. Gubu! gubu! gubu! Mfalme akasema, "Huyo ni baba! Endeleeni!"

Wakachimba. Wakamkuta Mtetemo, mbavu zake kama mapaa ya nyumba. Gubu! gubu! Mfalme akasema, "Huyo ni babu! Endeleeni!"

Wakachimba. Wakakuta mijusi wadogo zaidi, kisha wadogo zaidi, kisha mmoja saizi ya paka, ambaye mfalme hakupenda kumtambulisha. Gubu, akapiga mmoja. Kisha mifupa ikaisha.

Msasa akauliza, "Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwanzo wa ulimwengu!" akasema Kishindo.

"Waambie wachimbe kidogo tu. Labda kuna mmoja amejificha."

Kwa majivuno yake akasema, "Chimbeni!"

Wakachimba. Jembe likalia, kwaa. Mchimbaji akainua kitu kidogo, chenye ncha tatu, cheusi, kinang'aa. Jino. Wakachimba tena, meno. Chini yake, meno. Chini ya meno, meno. Meno membamba, meno mapana, meno kama misumari, mpaka wachimbaji wakaumia vidole, na shimo halina mwisho.

"Ya nani hayo?" umati ukaulizana.

Msasa akafungua mdomo wake wote. Jino moja likaanguka. Mchimbaji akaliokota, akaliweka karibu na lile alilochimba. Kama mapacha.

"Msinililie makaburi," Msasa akasema. "Mimi sikuwaacha mababu kwenye sanduku la udongo. Mababu wangu ndio sakafu. Babu yako, mfalme, amelala juu ya tandiko la meno ya babu yangu, na hata asante ya godoro hajasema."

Hapo mijusi walisahau kwamba mfalme wao yupo. Wakapiga mikia, gubu! gubu! gubu! kwa ajili ya papa. Msasa akaimba, na safari hii hata wachimbaji waliitikia.

*Bahari ilipoganda, nilikuwapo,*
*Bahari ilipochemka, nilikuwapo,*
*Ulipokuja, nilikuwapo,*
*Utakapoondoka,*

*nitakuwapo!*

Mwenye akili angesema shikamoo, yakaisha. Lakini Kishindo alikuwa na mwili mkubwa, na kichwa kidogo cha kuuongoza. Akasema, "Kesho maji yakipwa, mijusi wote walete mawe. Tutaufunga mlango wa hori. Hori litakauka, na papa ataniamkia akiwa mchangani, yeye na wanawe."

Umati ukatawanyika kichwa chini. Amri ya mfalme ni amri.

Msasa akakaa mlangoni pa hori akifikiri. Akikaa ndani, watoto watakauka. Akitoka nje, watoto wataliwa. Mbele moto, nyuma moto. Ndipo pua yake ikaanza kuwasha.

Pua ya papa si ya mchezo. Inasikia mambo ambayo sikio halisikii. Na bibi yake alimwambia, "Mjukuu wangu, mbingu si ya kuaminiwa. Imekwisha kuwaangukia wazee wetu zaidi ya mara moja. Ukisikia pua inawasha na maji yana ladha ya chuma, usiulize. Zama kilindini, kula kilichopo, ngoja."

Akatazama juu. Mchana kweupe, kulikuwa na nyota. Ndogo, kama punje ya mtama. Lakini ilikuwa nyota, na ilikuwa mchana.

Msasa alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Hakunyamaza. Akamwita mfalme.

"Kishindo! Ya salamu tuyaache. Ile nyota inakuja huku. Watawanye watu wako, wajifiche mashimoni, wazoee kula kidogo. Nasema kama bibi yako."

Kishindo akatazama juu. Akaitazama sana. Kisha akacheka kicheko kilichoangusha matunda.

"Mmeona? Papa mmoja amekataa kuniamkia, na nyota yenyewe imetoka mbinguni kuja kuniamkia!"

Akaenda kusimama kwenye kilima, shingo juu, angoje salamu yake.

Lakini Kinyoya hakwenda kilimani. Kinyoya aliteremka ukingoni, manyoya yamemsimama, akainama mpaka kidevu kikaloa.

"Shikamoo, bibi. Mimi nifanyeje?"

Msasa akamtazama. Huyu ndiye wa kwanza kumwamkia katika ukoo ule wote.

"Marahaba, mjukuu wangu. Una mwili mdogo, shukuru. Ingia kwenye shimo na wanao. Usichague chakula. Hata punje ya mbegu ya mwaka jana, itafune. Lakini kwanza nisaidie. Unayo baragumu?"

"Ninayo."

"Ipulizie kule nje, kwa mijusi wa majini. Waambie watazame juu."

Kinyoya akakimbilia mwambani, akapuliza. "Enyi wenye midomo mirefu! Nyota ya mfalme! Inueni vichwa! Nyota ya mfalme!"

Basi mijusi wa majini hawana matamvua ya kupumulia majini kama samaki. Wao pumzi yao iko juu, lazima watoe pua. Wakatoa pua, wakatoa na macho, wakaitazama nyota, midomo wazi kama wageni mjini. Na chini yao, chini kabisa, kimya kabisa, Msasa akapita na wanawe, mmoja nyuma ya mwingine, kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano. Papa haji juu kupumua. Papa anapumua alipo.

Wakaingia kilindini. Pweza naye akafuata, akibadilika rangi njia nzima.

Kule kilimani nyota ikawa kama chungwa. Ikawa kama sinia. Ikawa kama jua la pili. Kishindo akanyoosha shingo mpaka mwisho wake, akasafisha koo, ajibu salamu.

"Mara—"

Hakumaliza.

Nchi ilipigwa, paa! Bahari ikasimama wima. Vumbi likapanda, likalifunika jua kama chungu kilichofunikwa. Majani yakafa. Waliokula majani wakafa. Waliowala hao nao wakafa. Mijusi wa majini walitoa pua juu, wakakuta juu hakuna cha kuvuta ila majivu.

Huko chini kulikuwa na baridi na njaa. Msiseme papa wote walivuka. Wako waliozoea kuchagua, hiki sili, kile kina miiba, nao hawakuvuka. Msasa alikula konokono. Alikula mzoga. Alikula kitu ambacho mpaka leo hakijui jina. Aliwafundisha wanawe wimbo, na walipochoka, yeye aliimba, na walipoweza, wao waliitikia.

*Utakapoondoka,*

*nitakuwapo!*

Mpaka ikaja siku maji ya juu yakaanza kung'aa. Kidogo. Kisha zaidi. Msasa akapanda polepole, pua mbele. Ladha ya chuma imeondoka. Akapita mlangoni pa hori, na hakuna aliyezunguka nje. Akaingia ndani, na wanawe nyuma yake, nao sasa wamekuwa papa wazima, wana watoto wao matumboni.

Kilima kilikuwa kilima cha mifupa. Hata leo bara ya Lindi kuna mifupa mikubwa kama vinu ardhini. Nendeni mkaulize. Mimi siongezi chumvi ila pale inapokosekana.

Msasa akazunguka hori lote. Ukingo mtupu. Akadhani hakuna aliyebaki nchi kavu. Ndipo akasikia miguu midogo mchangani, tapu, tapu, tapu.

Alikuwa Kinyoya. Amekonda, manyoya yamechakaa, mdomo umekuwa mgumu na wenye ncha kwa kutafuna mbegu kavu. Nyuma yake wanawe, wadogo wepesi, mmoja tayari anaruka ruka na kukaa hewani kidogo, kama anayeonja. Baragumu ilipotea zamani. Lakini koo lake lilikuwa zima. Akasimama juu ya fuvu la mfalme, maana ndipo palipoinuka, akapiga mbiu ya mwisho ya ufalme ule.

"Enyi mliobaki! Mwenye hori ni Papa! Alikuwapo kabla ya mti, alikuwapo kabla ya mfalme, na yupo! Asiyejua, ajue!"

Kisha akashuka, yeye na wanawe wote, wakasimama penye maji, wakainamisha vichwa.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu," akasema Msasa. "Inueni vichwa. Kuna kaa upande ule, kaleni. Hori linatutosha."

Na tangu siku hiyo kila ndege, akifika ukingoni mwa maji, kwanza huinamisha kichwa. Wenye kitabu watawaambia anatafuta wadudu. Waacheni na kitabu chao.

Funzo lake ni hili. Ukubwa haupimwi kwa kimo wala kwa kishindo, hupimwa kwa kudumu. Kinachopinda hakivunjiki, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na salamu ukimpa aliyekutangulia haikupunguzii kitu, huenda ikakubakiza hai.

Ngano yangu naitosa majini. Aliyeipenda apige mbizi aifuate. Asiyeipenda abaki mkavu, na nyota ikitokea mchana asiniulize mimi.